Mkoba wa Dawa wa Safari ya Pugu

Katika klabu yetu ya mchakamchaka hapa Segerea mie huitwa daktari. Udaktari wenyewe niliupata kazini, kwenye kiwanda cha ndoo na mabeseni huko Mikocheni ninakofanya ukarani. Siku moja bosi alileta mkufunzi wa huduma ya kwanza, akatafuta wa kuhudhuria, na ghafla wenzangu wote wakawa na kazi nyingi. Nikaenda mie. Nikafundishwa kufunga bandeji kwenye mkono wa mtu mzima wa afya, nikala sambusa, nikapewa cheti. Kosa langu lilikuwa kukiweka kile cheti kwenye grupu la klabu. Tangu hapo mtu akiteguka kifundo, akiumwa jino, mtoto wake akikohoa, ananipigia mie. Kuna mmoja alinipigia kuhusu mbuzi.

Kwa hiyo mwenyekiti alipotangaza kwamba safari hii hatutazunguka barabarani, tutakwenda kupanda milima ya Pugu, msituni, hakuna hata aliyeuliza mkoba wa dawa ataandaa nani. Mwenyekiti wetu ni mstaafu wa bandarini, ana sauti ya kuita meli. Ujumbe wake wa sauti ukiufungua jikoni unasikika hadi kwa jirani. Na siku ile ulisikika hadi chumbani kwa mama yangu, akatoka na kitana mkononi, nywele nusu zimechanwa.

“Milima?” akauliza. “Hapa Dar kuna milima?”

“Ipo Pugu, mama.”

“Basi na mie naenda.”

Mama yangu ni Mpare, kazaliwa mlimani, kaolewa mlimani, kalea mlimani. Alikuja kukaa na mie baada ya kumzika baba. Jiji halimsumbui, watu anawapenda, sokoni anajulikana kuliko mie niliyekaa miaka yote hii. Ila ana neno moja analorudia: Dar ni nzuri lakini imelala chali. Anatafuta kitu cha kupanda hakioni. Nilimkuta siku moja amesimama kwenye ngazi za ghorofa linalojengwa mtaa wa pili, anapanda na kushuka, fundi anamtazama asijue aseme nini.

Sasa, mama ana kisukari. Anajichoma sindano yake asubuhi na jioni, hakumbushwi, hasahau. Na mama ana mtoto wake wa kwanza, kaka yangu, anayeishi Dodoma na kufanya kazi ofisi kubwa yenye viyoyozi. Kaka anampenda mama kwa mtindo wa askari magereza. Akija kututembelea anafungua kabati la jikoni kabla hajakaa. Ndizi mbivu anazikamata. Chai ya mama anaionja kwanza. Mara nyingi tu alishataka mama ahamie kwake, na kuna kipindi mama alikwenda akakaa. Alirudi anazijua tamthilia za Kituruki zote, hajui jina la jirani hata mmoja. Nyumba ya kaka ni nzuri sana, sisemi kitu, ila ikifika asubuhi kila mtu anaondoka na lango linajifunga lenyewe.

Nikaandika kwenye grupu la familia kwamba mama anakwenda Pugu na klabu. Kaka akajibu papo hapo, na mtu wa ofisini sijui alipata wapi nafasi. “Sawa, aende. Ila akipatwa na jambo lolote huko porini, anahamia Dodoma. Sitaki mjadala.”

Nikamsomea mama. Alikuwa anamenya vitunguu. Akamenya kimoja hadi mwisho, akakiweka, akasema, “Huo mkoba uandae vizuri, mwanangu. Kule sirudi.”

Basi ndivyo mkoba wa plasta ulivyogeuka kuwa mkoba wa mama.

Kesho yake mchana nikatoka kazini nikaenda kwenye duka moja palepale Mikocheni linalouza mahema na viatu vya kupandia milima. Muuzaji alikuwa kijana wa Kihindi aliyezaliwa mjini hapahapa, Kiswahili chake cha mtaani kabisa kuliko changu. Akanitolea mkoba mwekundu, umejaa, una zipu kila upande. Akaanza kunifungulia kama mtu anayeuza simu. Bandeji, pamba, mkasi, glovu, plasta za kila ukubwa. Nikawa natikisa kichwa, sawa, sawa. Halafu akatoa dira. Akatoa filimbi. Akatoa blanketi la karatasi linalong'aa, lile ambalo kwetu ukiliona unatafuta samaki wa kuoka. Mwisho akatoa ndoano na mshipi wa kuvulia.

“Braza, hii ndoano ya nini?”

“Hii ni ya watu wanaopotea, dada. Unavua, unakula, unasubiri kuokolewa.”

“Sie tunakwenda Pugu.”

Akafikiri. “Pugu hii ya Gongo la Mboto?”

“Hiyohiyo.”

“Basi filimbi itakutosha,” akasema. Lakini ndoano hazitolewi, mkoba unauzwa na vyake, na mie nilikuwa nimeshaupenda ule wekundu. Nikaununua na ndoano zake. Nikaongeza dawa za maumivu, chumvichumvi za kuchanganya na maji kwa mtu aliyeharisha, krimu ya kuungua, na boksi la glukosi ya unga, kwa sababu mkufunzi alitukazania: mtu wa kisukari sukari ikimshuka, mpe kitamu haraka kabla hujauliza maswali. Hata kliniki walishatuambia hivyo.

Nyumbani nikatandika mkeka sebuleni nikapanga kila kitu juu yake. Jamani, kulikuwa na raha yake. Mama akakaa pembeni anauliza hiki nini, hiki nini, akavaa zile glovu akazivua, akajifunika lile blanketi la karatasi kichwani akaniuliza anafanana na nani. Nikaupiga picha mkeka, nikaituma kwenye grupu la familia ili kaka atulie roho.

Kaka hakutulia. Akaikuza ile picha akaipitia kama mwalimu anayesahihisha. Kipimo cha sukari cha mama kiko wapi, kiwekwe. Nikaweka. Maji kiasi gani. Nikamwambia. Halafu: “Hiyo glukosi ni ya nani? Mgonjwa wa kisukari anabebewa glukosi? Mnataka kumuua?”

Nikamweleza habari ya kushuka. Akasema mama shida yake haijawahi kuwa kushuka, ni kupanda, yeye ndiye anayelipeleka faili lake kwa mabingwa. Nikaeleza tena. Akapiga simu. Ukibishana na kaka yangu ni sawa na kuosha ukuta, unachoka wewe. Mama mwenyewe akaniambia kwa mkono, toa, toa tusikose safari. Nikalitoa lile boksi, nikaupiga picha tena mkeka bila glukosi, nyumba ikatulia.

Ungedhani yameishia hapo. Hayakuishia. Klabu nayo ikapata habari kwamba mama wa daktari anakuja na ana kisukari, na mwenyekiti akaitisha kikao. Huku kwetu mgonjwa haachwi ale chake peke yake. Ukiwa na mgeni asiyekula chumvi, sufuria zima halitiwi chumvi. Kwa hiyo mwenyekiti akatangaza kwa sauti ile ya bandarini: safari hii hakuna soda, hakuna biskuti, hakuna pipi, chai ya mkandaa isiyo na sukari kwa wote. “Hatuwezi kutafuna vitamu mbele ya mama yetu akabaki anameza mate.” Watu wakapiga makofi. Mama mmoja mwenye duka la vitenge akatoa machozi kidogo kwa jinsi lilivyomgusa. Na mie nikaona fahari, kusema kweli, nikaona nina watu.

Kikao hichohicho kila mtu akaleta mchango wake kwenye mkoba. Kuna aliyeleta dawa ya kuchua inayonuka hadi machoni. Kuna aliyeleta vitunguu saumu vya kufukuzia nyoka. Mzee mmoja akaleta jiwe jeusi la nyoka, lile la kubandika palipoumwa. Nikamwambia, shikamoo mzee, ila mkufunzi alisema aliyeumwa na nyoka asichanjwe, asibandikwe, alazwe mguu usicheze akimbizwe hospitali. Akanitazama kwa huruma. Tukakubaliana jiwe abaki nalo mfukoni mwake, nyoka akija tutaona.

Siku ya safari mama aliamka kabla yangu. Alikuwa amevaa raba za mwanangu aliye bweni, soksi za mpira, na khanga mbili juu ya suruali ya mazoezi. Alijichoma sindano yake kama kawaida. Uji nilimkorogea, akanywa vijiko viwili vitatu akasema utamlemea kwenye basi, ile Kosta tuliyokodi. Alikuwa na furaha ya mtoto wa sikukuu na mie sikumlazimisha, nani amlazimishe mtu mwenye furaha ile.

Njia nzima ilikuwa nyimbo. Mtu mmoja nyuma akawa anatafuna bigijii, mama wa vitenge akamgeukia akamkemea mbele ya watu, akaitema dirishani kwa aibu.

Tulipofika chini ya kilima, muongozaji wa pale msituni akatuonyesha njia inayopanda kuingia miti. Mama akatazama juu, akashika kiuno.

“Mlima uko nyuma ya hiki?”

“Ndio wenyewe huo, mama.”

“Haya. Kwetu hiki tungekilima maharage tukarudi kupika.”

Watu wakacheka sana, na kicheko kikawaishia njiani, maana mama alipanda. Alipanda hatua fupifupi, hasimami, huku sie wa mchakamchaka wa lami tunahema na kushikilia miti. Alikuwa anaimba wimbo wa kwao, waliokuwa nyuma yake wanaitikia bila kujua maana. Mwenyekiti alimpa fimbo yake akamfuata, anamwambia shikamoo kila akiachwa nyuma. Nilimtazama mama yangu mgongo ukipanda mbele yangu nikafurahi. Tangu msiba sikuwa nimemwona hivi.

Kileleni kulikuwa karibu wakati wimbo ulipokatika.

Nilidhani anapumzika. Akakaa kwenye mzizi. Nikamkuta jasho linamtiririka usoni, na pale kivulini kulikuwa na ubaridi. Fimbo aliyopewa na mwenyekiti ilikuwa inagongagonga jiwe, nikaona ni mikono inatetemeka. Mwenyekiti akamuuliza kama anataka maji.

“Nani amekutuma uniguse?” mama akamjibu. Hakuna aliyemgusa. Na mama yangu hajawahi kumjibu mtu hivyo maisha yake yote.

Nikafungua mkoba, nikamtoboa kidole. Kipimo kikasoma chini, chini kabisa ya pale kliniki walipotuambia tusivuke. Sindano asubuhi, uji vijiko vitatu, na kilima chote kile kwa miguu. Nikaingiza mkono kwenye mkoba ule mwekundu na kutoa kilichokuwemo. Bandeji. Filimbi. Dira. Vitunguu saumu. Ndoano. Nilikuwa na uwezo wa kuvua samaki na kumfunika mtu blanketi la kuokea, na sikuwa na chembe ya kitamu. Chumvichumvi zina sukari kidogo, nikaanza kuchana pakiti kwa meno.

Niliogopa. Wala sikuwa naogopa Dodoma tena, niliogopa kumpoteza mama yangu hapohapo, kwenye kilima ambacho yeye mwenyewe hakukiheshimu.

“Nani ana kitu chenye sukari?” nikauliza. “Chochote. Mama ameshuka.”

Basi zima la watu wazima, kila mmoja anatazama viatu vyake. Nikajua imekwisha, wameitii ile amri.

Halafu mwenyekiti akakohoa. Akashusha begi lake taratibu, akatoa taulo, akalifunua lile taulo kunjo baada ya kunjo, na katikati ilikuwemo soda ya chungwa.

“Ilikuwa ya kurudi nayo,” akasema, hakuna aliyemuuliza.

Niliinyakua. Nikamshika mama kichwa, akaweza kumeza, akanywa funda, akanywa funda. Na nyuma yangu nikasikia zipu. Zipu moja, nyingine, nyingine. Katibu wetu, binti wa saluni, akatoa pipi kwenye sidiria. Mwingine juisi ya boksi. Mwingine biskuti alizozifunga ndani ya soksi safi. Tende zikaja. Kashata zikaja. Mzee wa jiwe la nyoka akatoa kichupa cha asali mfuko uleule wa jiwe. Kila aliyetoa hakumtazama mwenzake. Wa mwisho kabisa alikuwa mama wa vitenge, yule aliyekemea bigijii. Akafungua chombo chake cha chakula, juu wali, chini ya wali mfuko, ndani ya mfuko visheti vimenona sukari. Akavitua kwenye nyasi bila neno. Rundo la vitamu lililokuwa pale chini lingetosha kufungulia duka.

Nikamsubiri mama. Muda ule ni mrefu, sitaki kuusimulia. Mwishowe jasho likakauka, mikono ikatulia, macho yakanitazama yakiwa yake.

“Hii soda ya moto,” akasema.

Nikaanza kulia na kucheka vyote pamoja, na mwenyekiti akageuka kutazama miti. Mama akaketi vizuri, akaona lile rundo, akazungusha macho kwa watu mmoja mmoja.

“Na chai ya mkandaa mkaninywesha,” akasema.

Hapo ndipo tulipocheka, wote, kwa sauti ya watu waliofumaniwa. Mama wa vitenge alicheka hadi akalazimika kukaa. Tukampa mama wali, akala, nikampima tena, kipimo kikawa kinapanda vizuri. Na katikati ya kula simu yangu ikaita. Kaka.

Kila mtu akawa na ushauri. Usipokee. Mwambie mtandao mbovu. Katibu akasema atapokea yeye ajifanye ni namba ya saluni. Mwenyekiti, mtu mzima na heshima zake, akajitolea kudanganya kwa niaba ya klabu. Mie nilikuwa nimeishika simu inatetemeka, nawaza lango linalojifunga lenyewe, nawaza chumba cha mama kikiwa kitupu. Mama akanyoosha mkono akaichukua. Akabonyeza spika, maana sikio lake moja si zuri.

“Shikamoo mama. Mnaendeleaje huko?”

“Marahaba baba. Sukari imeshuka, nimeishiwa nguvu, nusura nizimie.”

Nikafumba macho.

“Si nilisema?” Sauti ya kaka ikaujaza msitu. “Si nilisema mie? Basi. Mwisho wa wiki nakuja kukuchukua, na safari hii sitaki kusikia—”

“Ngoja nimalize, baba,” mama akasema, taratibu, kama anavyomenya vitunguu. “Nimeishiwa nguvu, na hapa nilipo kuna watu basi zima. Wamenitazama usoni wakajua kabla mie sijajua. Kila mmoja alikuwa na kitu cha kunipa. Sasa niambie wewe, saa kama hii, kwako yuko nani?”

“Msichana wa kazi yupo.”

“Saa hii yuko wapi?”

“Kaenda sokoni.”

“Haya,” mama akasema. “Mie ningekuwa kwenye kochi. Televisheni ingeendelea kuongea na mie mpaka mrudi jioni.”

Hata katibu aliacha kutafuna. Kwenye spika tukawa tunasikia ofisi ya kaka, mlango unafungwa, mtu anacheka mbali.

“Mama,” akasema mwishowe, na sauti haikuwa ile ya kukagua makabati. “Mie naogopa tu.”

“Najua, mwanangu. Na mie naogopa kila siku. Ila nikiogopea huku kuna wa kunishika.”

Akavuta pumzi, tukaisikia. Nikamwona mama anasubiri, simu ameiweka gotini, macho kwenye miti, na mkono mwingine umeshika kile mama wa vitenge alichomsogezea.

“Umeshakula sasa?” kaka akauliza.

“Nimekula wali. Nimeshika kisheti.”

Tukasikia anavuta kiti, anakaa.

“Kula, mama,” akasema.